Kisu cha kukunja: makali laini, ya meno au mchanganyiko? Namna ya kuchagua na kunoa

Visu vya kukunja huuzwa na makali ya aina tatu. Makali laini ni yale ya kawaida, mstari mmoja usiokatika kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha. Makali ya meno yana vibonde vilivyochongwa kimoja baada ya kingine, kama kisu cha mkate. Makali mchanganyiko huwa na meno upande wa mpini na sehemu laini upande wa ncha. Wauzaji wengi hupenda kukuuzia hii ya tatu wakisema unapata visu viwili kwa bei ya kimoja. Hoja hiyo ni dhaifu, na sababu zake zinakuja. Ushauri wetu ni huu: anayenunua kisu kimoja cha kazi za kila siku hapa Nairobi achukue makali laini, isipokuwa kama kazi yake ni kamba, mikanda na vitu vingine vyenye nyuzi ngumu. Sababu kubwa iko kwenye kunoa kuliko kwenye kukata.

Namna kila makali yanavyokata

Makali laini hukata vizuri unapokandamiza au kusukuma: kuchonga kijiti, kumenya embe, kuvua waya ganda, kukatakata sukuma wiki. Yanagusa kitu kwa namna moja urefu wote, kwa hiyo mkono wako ndio unaoamua kina na mwelekeo wa mkato. Ukivuta pia yanakata, mradi yawe yamenolewa.

Makali ya meno hufanya kazi kwa kuvuta. Ncha za meno hugusa kwanza, na kwa kuwa nguvu yote ya mkono inatua kwenye sehemu chache ndogo, zinatoboa. Kisha nyuzi huingia kwenye kibonde, zinakosa pa kutelezea, zinakatika. Kibonde chenyewe hakigongani na ubao wala meza, ndiyo maana kisu cha meno kilichokaa miezi bila kunolewa bado hukata kamba, wakati kisu laini kilichotelekezwa vivyo hivyo kinateleza tu juu yake.

Gharama yake ni mbili. Kwanza, mkato huwa umechanika. Pili, hauendi wima. Meno ya visu vingi huchongwa upande mmoja tu wa ubapa, na upande wa pili huachwa bila mteremko. Mteremko huo husukuma kisu kuelekea upande usiochongwa, kwa hiyo ukikata kitu kinene, kama boga au kipande cha povu la godoro, mkato unaanza pale ulipotaka na kuishia pembeni. Anayetumia mkono wa kulia hustarehe zaidi meno yakichongwa upande wa kulia wa ubapa, na wa kushoto vivyo hivyo kwa upande wake. Jambo hili halisemwi dukani, na halirekebishiki ukishanunua.

Makali laini nayo yana meno, ila hayaonekani kwa macho. Jiwe la kunolea huacha mikwaruzo midogo ukingoni, na mikwaruzo hiyo hushika nyuzi. Ukinoa kwa jiwe la namba 400 (namba ikiwa ndogo, chembe za jiwe ni kubwa) ukaishia hapo, makali yanabaki na ukali wa kukwaruza, na yanauma kamba ya katani vizuri sana. Ukiendelea hadi namba 3000 yanang'aa, yanakata karatasi bila sauti, lakini kwenye kamba ile ile yanateleza kabla ya kuingia. Watu wengi waliokimbilia meno kwa sababu kisu chao "hakikati kamba" walikuwa na makali laini yaliyonolewa kupita kiasi, au yaliyokuwa butu. Jaribu hili kwanza kabla hujanunua kisu kingine.

Hatua ya 1: Hesabu unachokata kwa wiki moja

Chukua kijikaratasi, weka alama kila unapotoa kisu. Mwisho wa wiki angalia ni vitu gani vimechukua alama nyingi. Usipange kwa ajili ya tukio la mara moja kwa mwaka.

Mboga, matunda na nyama: makali laini, bila mjadala. Tazama mama mboga anavyokata sukuma: anakunja majani, anayabana kwenye kiganja, na kisu kinapita chembamba kuelekea kwenye kidole gumba, mkato baada ya mkato. Kazi hiyo kwa meno ni hatari, na majani yakichanika hutoa maji na kunyauka haraka. Kwenye nyama, vibonde hushika mafuta na nyuzi zinazooza mle ndani ukisahau kusafisha. Vitu viwili tu vya jikoni vinapendelea meno: mkate wenye ganda gumu, na nyanya pale kisu kinapokuwa kimeshaanza kuwa butu.

Katoni: laini. Karatasi ya boksi hula makali haraka kuliko watu wanavyodhani, na mikunjo yake ya ndani hukwama kwenye meno, ukabaki unavuta vumbi la karatasi. Anayefungua maboksi siku nzima atanoa mara nyingi, basi anataka makali yanayonoleka kwa dakika 5.

Waya wa umeme: laini pekee. Jino moja likigusa shaba huacha mkato mdogo, na hapo ndipo waya utakapokatikia ukipindwa mara kadhaa.

Kamba ndiyo kazi ya meno. Kamba ya katani, ya manila, ya nailoni iliyosukwa, mkanda mpana wa kufungia mzigo kwenye lori, mkanda wa plastiki ulioizunguka robota ya mitumba: vyote hivi huwekewa meno na kuvutwa mara moja au mbili. Anayefungua mizigo soko la Gikomba kila alfajiri ana haki ya kununua makali ya meno matupu. Lakini mkanda ukiwa wa chuma usitumie kisu cha aina yoyote. Chukua mkasi wa bati, simama pembeni, kwa sababu mkanda huo hufyatuka.

Mpira wa tyubu, ule wa boda boda wa kufungia mzigo, una tabia yake. Ukiwa umevutwa, meno huuma na kuukata kwa mshtuko, na mkono unaruka. Legeza kwanza, kisha lowesha ubapa kwa maji na utumie makali laini. Maji hupunguza msuguano, na mpira unakatika kama sabuni.

Magunia ya viazi ya nailoni hushonwa mdomoni kwa uzi. Unachohitaji pale ni ncha kali na laini ya kuingia chini ya mshono. Ukikata gunia lenyewe kwa meno, nyuzi zinachomoka na gunia halitumiki tena.

Kwa uokoaji wa ajali, mkanda wa usalama wa gari hukatwa vizuri zaidi na meno matupu. Chagua kisu chenye ncha butu au iliyopinda chini, ili usimchome uliyekuja kumwokoa. Shika mkanda ukiwa umekazwa, kata kwa mshazari kutoka ukingoni, vuta kuelekea mbali na mwili wa mtu.

Hatua ya 2: Jiulize ni nani atanoa

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mitaani kwetu fundi wa kunoa hupita na baiskeli iliyofungwa gurudumu la kunolea, anakanyaga pedeli na cheche zinaruka. Kwa kisu laini anafaa, ukimwomba apoze chuma kwenye maji kila sekunde chache. Kwa kisu cha meno hafai, na kosa si lake. Gurudumu lake ni pana na bapa. Linagusa ncha za meno tu, halifiki kwenye kibonde. Baada ya kunoa mara mbili au tatu meno yamekuwa mafupi, vibonde vimepungua kina, na umebaki na kisu chenye mawimbi ambacho hakikati kwa kusukuma wala kwa kuvuta.

Kwa hiyo kisu cha meno ni kisu cha mtu aliye tayari kukinoa mwenyewe, kwa kijiti cha kunolea, kibonde kimoja kimoja. Ukijua hutafanya hivyo, chukua laini. Ukijua huwa hunoi kabisa, tena unakata kamba zaidi ya vyakula, meno yatakutumikia muda mrefu zaidi kabla ya kukuangusha.

Aina ya chuma nayo inaingia hapa. Chuma cha pua cha bei rahisi si kigumu, hakikai na ukali. Meno hukisaidia chuma kama hicho, kwa sababu vibonde hubaki vikikata ncha zikishachoka. Chuma kigumu sana kikichongwa meno membamba huvunjika ncha, hasa ukigonga msumari au mfupa.

Hatua ya 3: Makali mchanganyiko yapimwe kwa rula

Chukua kisu chenye ubapa wa sentimita 8. Meno yakichukua sentimita 3.5, umebakiwa na sentimita 4.5 za makali laini. Nyanya kubwa ina upana wa sentimita 6 au 7. Ukiikata kwa mvuto mrefu, katikati ya safari unafika pale laini inapokutana na meno, kisu kinakwama, nyanya inapasuka. Kwenye kamba nene nako, sentimita 3.5 za meno hazitoshi kuvuta. Unasukasuka mbele na nyuma kama mwenye msumeno.

Kasoro ya pili ni mahali meno yalipowekwa. Karibu na mpini ndipo mkono wako una nguvu nyingi na usahihi mkubwa. Ukichonga mti, ukitengeneza kigingi au ukivua waya, unatumia sehemu hiyo. Visu vingi vya mchanganyiko vimeiwekea meno, na kukuachia ncha kwa kazi ya usahihi. Viko vichache vilivyogeuza mpangilio, meno mbele na laini karibu na mpini. Ukikuta kimoja, kifikirie kwanza.

Bado kuna anayefaidika na mchanganyiko: dereva wa lori, mfanyakazi wa mjengo, mtu anayepanda Ngong au Longonot na mzigo mdogo, yeyote ambaye kazi zake hazitabiriki na hawezi kubeba visu viwili. Kwake tunasema ubapa usipungue sentimita 8.5, na meno yasizidi theluthi moja ya urefu. Chini ya sentimita 7.5 usinunue mchanganyiko kabisa.

Mwenye nafasi ya visu viwili vya bei ya wastani, kimoja laini na kingine meno matupu, atapata kazi nzuri zaidi kuliko mchanganyiko mmoja wa bei ghali.

Hatua ya 4: Kagua ukiwa dukani

Kifungue na ukifunge mara 10. Ubapa usicheze kushoto na kulia. Ukicheza, mwambie muuzaji akaze skrubu ya bawaba mbele yako, na ukiendelea kucheza uache. Kikiwa wazi, gonga mgongo wa ubapa polepole kwenye kiganja ukiwa umeondoa vidole kwenye njia ya makali. Komeo linaloushika ubapa usijikunje likiachia, rudisha kisu. Kisu cha meno kinavutwa kwa nguvu, kwa hiyo komeo dhaifu pale ni hatari mara mbili.

Kiinue kwenye mwanga, makali yakikutazama. Makali laini yaliyo sawa hayaonyeshi mng'ao wowote ukingoni. Kidoa kinachong'aa ni sehemu butu au iliyovunjika.

Kwa meno, tazama umbo. Vibonde vipana vya milimita 5 hadi 6 vyenye ncha za mviringo hukata vizuri na hunoleka. Meno madogo madogo yaliyochongoka kama ya msumeno hunasa nguo, huvunjika, na hakuna kijiti cha kunolea kitakachoingia mle. Visu vingi vya bei ya chini vina meno ya namna hiyo.

Beba ukurasa wa gazeti na futi moja ya kamba ya katani. Shika gazeti wima kwa mkono mmoja na upitishe kisu kuanzia mpini hadi ncha. Laini ipite bila kuchana. Kamba ikunje kitanzi, ukate kwa kuvuta mara moja.

Na kuhusu kukibeba: kikae pamoja na vifaa vyako vya kazi. Kwenye ndege kinaingia mzigo wa chini tu, na kwenye milango inayokaguliwa mifuko ukiseme kabla hakijaonekana.

Hatua ya 5: Kunoa makali laini

Unahitaji jiwe lenye pande mbili, au msasa wa maji namba 400 na 1000 uliolazwa juu ya kioo au kigae. Msasa huu hupatikana kwenye maduka ya rangi za magari.

Pembe inayofaa kisu cha kukunja ni nyuzi 20 kila upande. Njia rahisi ya kuipata: ubapa wenye upana wa milimita 20 ukiegemezwa mgongo juu ya penseli ya kawaida, yenye unene wa milimita 7, unakaa karibu nyuzi 20. Ubapa ukiwa milimita 25, inua mgongo milimita 8 hadi 9. Tazama pembe hiyo, ishike mkononi, kisha ondoa penseli.

Paka ukingo wino wa kalamu ya maka pande zote mbili. Vuta mara mbili kwenye namba 400, angalia. Wino ukifutika juu tu, mbali na ukingo, inua mgongo kidogo. Ukifutika ukingoni tu, ushushe. Kwenye msasa kisu kivutwe mgongo ukitangulia, la sivyo utaukata msasa.

Noa upande mmoja hadi uhisi, ukipitisha kucha upande wa pili kutoka mgongoni kwenda nje, kwamba kuna ukingo mwembamba wa chuma umekunjamana na kukwaruza kucha. Lazima ukunjo huo uwepo urefu wote. Hapa ndipo wanaoanza huacha mapema. Bila ukunjo bado hujafika kwenye makali. Geuza, fanya upande wa pili vivyo hivyo. Kisha badilisha pande kila mvuto, ukipunguza nguvu hadi kisu kiende kwa uzito wake tu, mara 10. Kwa kamba na katoni ishia hapo. Kwa mboga na nyama rudia kwenye namba 1000. Malizia kwa kukipangusa kwenye mshipi wa ngozi, mgongo ukitangulia, mara 10 kila upande.

Hatua ya 6: Kunoa meno

Tafuta kijiti cha almasi au kauri kilichochongoka kama karoti, ili unene wake ulingane na kila kibonde. Ukikosa, viringisha msasa namba 600 mara moja kwenye msumari wa inchi 4. Unafika karibu milimita 5, unaotosha kibonde cha milimita 6. Kijiti kikizidi upana wa kibonde kitakula ncha za meno. Kikiwa chembamba sana kitachimba mfereji katikati.

1. Tambua upande wenye mteremko. Huo pekee ndio unaonolewa.
2. Upake wino wa maka.
3. Laza kijiti ndani ya kibonde kwa pembe ile ile ya kiwandani. Wino ukifutika wote, uko sawa.
4. Sukuma kutoka upande wa mgongo kuelekea nje ya makali, mara 5 hadi 8, ukizungusha kijiti kidogo. Usirudi nacho nyuma kikiwa kimegusa.
5. Hisi ukunjo upande wa pili wa kibonde hicho kabla ya kuhamia kingine.
6. Vibonde vyote vikiisha, laza upande usiochongwa, bapa kabisa, juu ya msasa namba 1000 na uvute mara moja au mbili. Usiinue mgongo hata kidogo. Ukiuinua unaanzisha mteremko wa pili, na ukali wa meno unapotea.

Kisu chenye vibonde 10 huchukua kama nusu saa mara ya kwanza. Kisafishe kwa mswaki wa zamani na sabuni, kikaushe kikiwa wazi, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Kisu cha chuma kisicho cha pua usikiache na maji ya ndimu au nyanya hata kwa saa moja; kitashika madoa, kisha kutu.

Meno yakishakwisha kabisa kisu hakijafa. Sasa ndipo yule fundi wa baiskeli anahitajika. Mwambie: "Fundi, toa meno yote, niwekee makali laini." Akipoza chuma kwenye maji kila sekunde 2 au 3, kazi itatoka safi, lakini chuma kikigeuka rangi ya samawati kimeungua, na sehemu hiyo haitashika ukali tena. Ubapa utapungua milimita 2 au 3. Kabla hujamlipa, kunja kisu upitishe kidole polepole juu ya mpini, kwa sababu ncha iliyonolewa kwenda juu inaweza kuwa imechomoza. Ukiihisi, mwombe aipunguze kutoka upande wa mgongo mpaka izame ndani.